Mama Mkwe Aliposimama Mahakamani, Mimi Nikiwa Nje

Asalaam aleikum, na Bwana asifiwe. Mwenyekiti wetu wa kikundi amenionya nisizunguke, na mnaonijua hapa Masuguru mnacheka, maana kuzunguka ndiyo kazi yangu. Nimezaliwa kambi ya mkonge kule Mazinde, na hadi leo harufu ya mkonge uliosagwa inanirudisha utotoni. Tangu nimalize kidato cha nne sijatulia mahali. Nanunua mahindi Misima, nauza Korogwe, nikichoka nasogea mbele. Leo nitajitahidi kwenda njia moja.

Mke wangu yule pale, ameniruhusu niseme.

Alijifungua kwa upasuaji katika hospitali moja ya binafsi. Sitaji jina. Mtoto alitoka mzima. Kwa desturi ya kwao, Wazigua, akaenda Misima kwa mama yake kukaa uzazi, akandwe kwa maji ya moto na kunywa uji. Mimi nikarudi kwenye mahindi yangu.

Huko nyuma homa ikapanda, tumbo likajaa. Mama mkwe akamrudisha hospitali ile ile. Akaambiwa, "Bibi, hiyo ni gesi. Punguza kumkanda." Hali ikazidi, akamrudisha tena. Wakamcheka: "Bibi una wasiwasi kama mzazi ni wewe!" Mara ya tatu akakodi gari mpaka hospitali nyingine. Walipomfungua wakakuta kitambaa cha kufyonzea damu kimesahauliwa tumboni. Mke wangu akapona, lakini kizazi kilikuwa kimeoza. Kilitolewa.

Ndugu zangu, nawaambia, nilitaka kuhama. Nilimwambia mke wangu twende mbali, tukaanze upya tusikojulikana. Akanijibu, "Wewe nenda. Ukirudi utanikuta mahakamani."

Mjomba wangu akaja kututuliza. "Ni mipango ya Mungu, mwanangu. Sameheni."

Mke wangu akamwambia, "Mjomba, Mungu hakusahau kitambaa."

Tukaenda kwa msaidizi wa kisheria Handeni mjini, naye akatupeleka kwa wakili. Wakili, Mungu amlinde, alitufokea kidogo kwa kuchelewa, kwa sababu kudai nako kuna muda wake kisheria. Akatutuma kuomba nakala za matibabu hospitali zote mbili, akatafuta daktari wa kueleza kilichotokea. Nikajua tumeshinda.

Wapi! Hospitali ikajibu: kitambaa ni chetu, tunakiri, lakini kizazi kimeharibiwa na bibi. Kwamba alimficha mgonjwa kijijini, akamtia mizizi, hakumrudisha. Watu nao wakaanza kunong'ona kuwa amemroga bintiye. Na kweli, zile safari mbili hawakuwa wameziandika popote.

Wakili akauliza, "Aliyemrudisha ni nani?"

"Mama mkwe."

"Basi aje aseme."

Enyi mliooa kwetu mnaelewa. Mimi na mama mkwe hatujawahi kula pamoja. Tukikutana njiani yeye hupita pembeni, mimi namwamkia nikitazama chini. Leo aeleze habari za tumbo la binti yake, usaha na damu, mkwe wake nikiwa nimekodoa macho? Alikataa katakata. "Bora waniite mchawi," alisema.

Nilimtumia sukari. Nilimtuma shemeji. Kila jioni nilimsumbua mke wangu, mwambie hivi, mwambie vile. Mwisho mama akatuma swali moja tu: "Siku hiyo mkwe wangu atakuwa wapi?"

Ndugu zangu, kesi ile nilikuwa nimeiishi. Sikukosa kikao hata kimoja, na siku ile ndiyo niliyoingoja. Nikasema: "Mwambieni nitakuwa nje."

Nikakaa nje kweli, nyuma ya jengo, nisikoweza kusikia. Kijana wa bodaboda akapita: "Mzee, twende?" Miguu yangu ilitaka. Nikamwambia, "Leo siendi popote."

Ya ndani nimesimuliwa. Wakili wa hospitali alimuuliza, "Bibi, ulimtia nini binti yako?"

"Maji ya moto na uji."

"Na mizizi?"

"Mwanangu, kama ningekuwa na mizizi ya kutibu, ningekuja kwenu kufanya nini? Mara mbili nimekuja. Aliyeniambia gesi ni huyo hapo nyuma yako. Mgeukie umuulize, mimi nipo nasubiri."

Yule tabibu akainamisha kichwa. Hakuna aliyemuuliza. Baada ya hapo hospitali wenyewe ndio walioomba tukae tusuluhishe. Walikiri kosa lote mbele ya hakimu, na wakafuta maneno yao juu ya bibi. Fidia walilipa. Kizazi hakirudi, lakini hakuna tena anayesema mke wangu alirogwa na mamaye.

Namshukuru msaidizi wa kisheria, wakili, daktari aliyekubali kusema ukweli juu ya wenzake, na nyinyi mliotushika mkono. Ukiumizwa hospitali, uliza, omba nakala zako, usikubali kuharakishwa kusamehe jambo ambalo hujaelezwa. Na muulize shahidi wako anahitaji nini ili aweze kusema, hata kama anachohitaji ni wewe kuondoka.

Mama mkwe amekuja leo. Yuko uani, nyuma ya ukuta huu, hawezi kuingia kwa sababu mimi nimesimama hapa. Haya, natoka. Mwiteni, awaambie mwenyewe.