Paa la Gari la Shemeji

Ndugu, jamaa, majirani na mafundi wa gereji zote mliofunga kazi leo kuja kutusitiri, familia inawaomba mtege sikio, maana historia hii ina mahali ambapo baadhi yetu tutainamisha vichwa, na marehemu mwenyewe aliagiza mahali hapo pasirukwe, alimwambia mkewe kwa sauti yake ya siku zile za mwisho, "Wakisoma habari zangu wakaliruka gari la shemeji, watakuwa wamemzika mtu mwingine."

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa nne wa baba dereva wa lori na mama mfua nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, akaanza shule ya msingi Januari 1966 na kuimaliza Novemba 1972, mwanafunzi wa katikati, si wa kusifiwa wala wa kufukuzwa, ila kwa kuchora hakuwa na mpinzani, na dada yake mkubwa, aliyeketi pale mbele, anakumbuka kwamba daftari lake la hesabu lilijaa magari mpaka mwalimu akachoka kumchapa, akaanza kumsahihishia matairi.

Mwaka 1975 alipokelewa kujifunza kazi ya kunyoosha bodi za magari kwa fundi mmoja mzee, mtu mkali asiyecheka ovyo, na Julai 1980 akafungua gereji yake mwenyewe kando ya barabara ya stendi, mabati manne, benchi moja na mashine ya kuchomelea ya mitumba, akapata jina upesi, kwa sababu gari lililobonyea likitoka mikononi mwake hata mwenyewe alisahau liligongwa upande gani. Hatutampaka mafuta kwa kuwa amelala, alipenda sifa, mtu akisema "fundi, una mkono wewe," basi siku hiyo hata chakula cha mchana alikisahau.

Tarehe 5 Desemba 1981 alifunga ndoa na mshonaji wa chumba cha jirani, aliyekuwa akishona vitambaa vya viti na maturubai ya malori, na wanandoa hao walitaniana miaka yote kwamba mume anapasua na mke anashona, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza muuguzi, wa pili dereva kama babu yake, na wa tatu, kitinda mimba wao, mwalimu, wote wako hapa, na wajukuu watano ambao mmoja wao ndiye mnayemsikia akilia huko nyuma, mwacheni alie.

Sasa tunafika pale. Kaka mkubwa wa mke wake, bwana shamba kwa kazi, alikuwa na gari la porini, jembamba, refu kwa kimo, lenye paa la bati, alilolinunua mnadani na kulipenda kupita kiasi, na binti yake wa kwanza alipochumbiwa, alitaka siku ya harusi maharusi wasimame ndani yake na kupungia watu, hivyo akamkabidhi shemeji yake kazi ya kulikata paa na kulivika turubai la kukunjwa, mke ashone, mume akate, mambo yabaki nyumbani.

Kila fundi aliyepo hapa anajua kwamba paa ni mkono wa pili wa gari, ndilo linaloshikilia nguzo za milango zisiachane, na kabla hujaligusa unachomelea kwanza vyuma vya kushikilia, nguzo hadi nguzo, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Marehemu alilijua hilo tangu kwa yule mzee wake. Lakini siku ile magurudumu yalikuwa yametolewa yapakwe rangi, gari limelalia magogo katikati ya tumbo, uwanja wa gereji umejaa mashemeji na wapiga soga waliokuja kuona, mmoja wao akauliza mbona hafungi vyuma kwanza, naye, na grainda, mashine ya kukatia chuma, tayari mkononi, akajibu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Vyuma ni vya wanaojifunza!" Watu wakacheka, wakampigia makofi, akakata.

Paa lilitoka safi, mkato umenyooka kama ukingo wa meza, na kwa muda mfupi alikuwa fundi bora kuliko wote, mpaka walipolishusha gari kwenye magurudumu na yeye mwenyewe akaenda kufunga mlango wa dereva, ukagonga, ukarudi, akausukuma kwa bega, ukarudi, akazunguka upande wa pili, huko ndiko kubaya zaidi, mbele na nyuma ya gari zilikuwa zimelala, nguzo zimeachana, komeo halifikii tena mahali pake. Mke wake, aliyekuwa amebeba turubai mikononi, anasema aliuona uso wa mumewe ukishuka, na kwamba tangu siku ile uso huo haukupanda wote tena.

Harusi ilikuwa Jumamosi, tarehe 17 Aprili 1999, na hapakuwa na gari jingine wala siku nyingine, hivyo milango ikafungwa kwa kamba ya manila ya buluu, fundo kushoto, fundo kulia, na kwa kuwa turubai lilikatwa kwa vipimo vya gari ambalo sasa lilikuwa limebadilika umbo, mvua ilipoanza mbele ya ukumbi halikufika kwenye vifungo vyake, bibi harusi akalowa, akanyanyuliwa juu ya mlango uliofungwa kamba mbele ya wakwe, na wakwe wakavunjika mbavu kwa kicheko. Marehemu alikuwa nyuma ya umati, akatamani ardhi ipasuke, akaondoka kwa miguu bila kuaga, na jina la Kamba likazaliwa hapo hapo ukumbini, likamtangulia kila alikokwenda, likafika gerejini kabla yake.

Tangu hapo hakukanyaga nyumbani kwa shemeji yake. Sikukuu alimtuma mkewe, misiba alisimama ng'ambo ya barabara, ugonjwa wa shemeji aliuuliza kwa watu wa pembeni, na mbaya zaidi, gari lile liliendelea kupita mjini na kamba yake ya buluu, mwaka baada ya mwaka, kamba ikichakaa inafungwa mpya, rangi ileile, naye kila akiliona alijificha nyuma ya gari lolote alilokuwa akilinyoosha, akaamini kwa moyo wote kwamba shemeji yake anaitembeza aibu yake kwa makusudi. Gerejini hakukata paa tena, ila alizunguka gereji za wenzake kama mkaguzi asiyelipwa, akiona grainda imekaribia paa anafoka, "Funga vyuma kwanza!", na wengine mliopo hapa mlimcheka kwa hilo, lakini mlifunga, na milango yenu inafunga.

Mapafu yake yalianza kumsumbua Agosti 2021, akalazwa mara kadhaa, na tarehe 3 Februari 2023 daktari alipomruhusu atoke, watoto walikuwa njiani bado, aliyefika kumchukua ni bwana shamba, mvi kichwa kizima, na gari lile lile. Marehemu alisimama kwenye ngazi za hospitali na mfuko wake wa dawa, akaiangalia kamba, akasema maneno aliyokuwa ameyabeba tangu harusi, "Shemeji, kwa nini hukumpa fundi mwingine, kwa nini ulinianika hivi?" Bwana shamba naye akababaika, akasema, "Kukuanika? Gari lina fundi wake, nilikuwa nakusubiri uje umalizie." Mke wa marehemu, aliyekuwa naye pale ngazini, anasema wazee hao wawili walitazama chini kila mtu upande wake, mmoja akiona haya kwa kujificha, mwingine akiona haya kwa kutokwenda kumgongea hodi, wala hakuna aliyejua aanzie wapi kuomba radhi, mpaka bwana shamba akaifungua kamba akasema, "Panda basi, jua linachoma."

Wiki iliyofuata gari liliingia gerejini. Marehemu hakuwa na pumzi ya kunyanyua nyundo, akakaa kwenye kiti cha plastiki na mtungi wa oksijeni pembeni, akaelekeza, wenzake wakalinyanyua mbele na nyuma, wakavuta nguzo kwa mnyororo kidogo kidogo, wakachomelea vyuma na upinde nyuma ya viti, mkewe akalifumua turubai na kulishona upya, na mlango wa dereva ukakubali kufunga. Aliomba aachiwe aufunge mwenyewe. Aliufunga, akaufungua, akaufunga tena, akalia mbele ya watu bila kujifuta. Upande wa kushoto ulisubiri apate nguvu, na nguvu hazikuja, akafariki Ijumaa, tarehe 9 Juni 2023, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa mke wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliotuwekea viti na kuteka maji bila kuombwa, mafundi wenzake waliokuwa mikono yake pale yake ilipochoka, na bwana shamba, aliyekataa katakata fundi mwingine aumalizie upande wa kushoto. Tunawasamehe waliomwita Kamba bila kujua, na tuliomwita tukijua, tunaomba atusamehe. Gari mtakaloliona hapo nje, turubai limekunjwa ili jeneza lienee, ndilo litakalombeba, upande mmoja umefungwa kamba ya buluu, na tafadhali, safari hii asicheke mtu.

Lala kwa utulivu, fundi wetu. Mlango wa dereva unafunga.