Dirisha la Mama Vifaranga

Benchi lenyewe zamani lilikuwa mlango. Limelazwa juu ya matofali mbele ya kibanda cha fundi viatu, na kila asubuhi linakaliwa na walewale watatu: fundi mwenyewe, ambaye kwa kupenda asilimia kuliko gundi walimwita Takwimu; Kamanda, mlinzi aliyestaafu lindo lakini si amri; na Shahidi, dalali wa vyumba, ambaye hakuna jambo lililowahi kutokea duniani bila yeye kuwepo. Ilikuwa siku ya nne ya manyunyu. Muuza kahawa alikuwa amechutama na birika lake, mkono juu ya kifuniko kupata joto, na hata ubishi siku hiyo haukushika moto. Walikunywa kama watu waliotoka kuzika, mpaka walipomwona Mama Vifaranga akitoka chumbani kwake ng'ambo ya barabara, ameshika kopo lililofunikwa kitambaa.

Jina hilo walimpa wao, wiki ile ile aliyoleta vifaranga. Alikuwa binti mdogo bado, mwenye mtoto mmoja wa miezi saba, na akianza kusema hakupumua mpaka afike mwisho.

— Shikamooni. Wamekufa wengine watano. Jana walikuwa sita, leo watano, na sioni kidonda, hawaharishi, maji wanayo, chakula wanacho, nimewakuta wamelala tu hivi, sasa nimekosea wapi, niambieni, maana mimi kuhusu kuku shule ilinifundisha kuchora yai na sehemu zake.

Akafunua kopo. Hakuna aliyetaka kutazama mara mbili.

— Marahaba, mwanangu, alisema Kamanda. Kaa.

— Sikai, nimemwacha mtoto amelala.

Hakuwahi kufuga hata paka. Ila nesi wa kliniki alikuwa ameitazama kadi ya mtoto, akatazama mizani, akasema uzito umesimama mwezi wa pili sasa, huyu apate yai kila siku. Baba wa mtoto alikuwa kazini mbali, anapatikana simu ikipenda. Usiku ule binti hakulala. Kesho yake akachukua vifaranga ishirini wa siku moja, akawaweka kwenye boksi la televisheni kando ya kitanda. Kila kifaranga kwake kilikuwa yai, na kila yai ni gramu kadhaa kwenye mizani ya nesi.

— Ishirini, toa sita, toa watano, alisema Takwimu. Umebakiwa na asilimia arobaini na tano. Si haba.

— Kaka, hao tisa nao wamelegea.

— Mimi nasema ni upweke. Asilimia sabini ya vifaranga hufa kwa kumkosa mama. Watie kioo ndani ya boksi. Wakijiona, watadhani ukoo umetimia.

— Kioo, Kamanda akaguna. Wewe kiatu chenyewe unashona cha kushoto mara mbili. Binti, nisikilize. Kona ya pili pale kuna mkaanga kuku. Sasa kuku si mjinga. Mafuta yakianza kuchemka wanasikia, wanajua habari ya ukoo wao. Unadhani kwa nini wanakufa asubuhi? Ndiyo saa anayowasha.

— Lakini hawa ni wa wiki moja, baba. Watajuaje mafuta?

— Askari anazaliwa anajua risasi?

Muuza kahawa alicheka peke yake, akaacha.

Shahidi alikuwa anamngoja kila mtu amalize. Alifuta mdomo.

— Nyote mnabahatisha. Mimi nimeona kwa macho yangu, kuku mia tatu, usiku mmoja, chali. Upepo. Kifaranga adui yake ni upepo. Si nilikwambia, dada?

— Uliniambia, na nimefanya. Jiko la mkaa nimeliweka karibu na boksi, haliko mbali hata hatua. Dirisha nimeziba kwa gunia, halafu juu yake karatasi ya nailoni. Na chini ya mlango nimesokota matambara.

— Na tundu la ufunguo?

— La ufunguo bado.

— Unaona sasa? Ndipo unapoingilia.

Binti alisimama pale akiwaza atatia nini kwenye tundu la ufunguo, pamba au sabuni. Alitaka sana liwe ni tundu la ufunguo. Kichwa kilikuwa kinamgonga tena tangu alfajiri, pande zote mbili, na macho hayakutaka mwanga.

— Mbona unajishika kichwa? aliuliza Takwimu.

— Kinaniuma siku ya tatu leo, na kichefuchefu, na sina mimba, msinitazame hivyo.

— Mawazo hayo, alisema Kamanda. Asubuhi kahawa moja, jioni moja. Ni amri.

Hapo ndipo mwenye mkaa mmoja, mchuuzi wa kupita, aliposimama. Hakuwa mtu wa benchi. Aliegemeza baiskeli na gunia lake ukutani ili manyunyu yapite, akaomba kahawa. Alikuwa amesikia nusu ya maneno. Akalitazama kopo, akamtazama binti, kisha ng'ambo, kwenye dirisha lililovaa gunia.

— Jiko liko humo ndani usiku kucha?

— Usiku na mchana. Wakikosa joto wanalia.

— Na mtoto analala wapi, dada?

— Humohumo, chumba chenyewe ni kimoja tu. Tena leo kalala vizuri, huwa saa kumi na moja keshaniamsha, leo mpaka saa hizi hata hajageuka, nimemtikisa kidogo kaguna tu, nikasema afadhali apum...

Kopo lilianguka. Alikuwa katikati ya barabara kabla halijaacha kuviringika.

Mlango uligoma kwa matambara, akausukuma kwa bega. Ndani hapakuwa na moshi, hata harufu. Joto tu, zito, tulivu, na makaa mekundu yasiyosema kitu. Boksini hakuna aliyelia. Alimnyanyua mtoto na shingo ikaenda upande wake.

Alimtoa nje, mvuani. Wale watatu walikuwa wamesimama, vikombe mkononi.

— Mfungue kifua, alisema mwenye mkaa. Mtazamishe juu. Mwite.

Alimwita. Manyunyu yalimwangukia mtoto usoni, mashavu yake yamewiva kuliko ya mtoto mwenye afya. Alimwita tena, kwa majina yote ya utani anayomwitia akimwogesha. Mtoto akakohoa. Kisha akalia, kilio chembamba, cha kutoka mbali, kama cha vifaranga usiku ule wa kwanza.

Mwenye mkaa alishalitupa gunia lake chini.

— Panda nyuma, mshike, zahanati si mbali. Usimwache alale, hewa ya mkaa ukiifungia ndani inaua.

Akapanda. Mwenye mkaa alikanyaga pedali, kisha akageuka mara moja.

— Nani alimwambia azibe dirisha?

Hakuuliza kwa ukali. Binti alikuwa ameweka shavu mdomoni pa mtoto, anahesabu pumzi, na pumzi zilikuwa chache. Takwimu alirudi kwenye gundi yake. Kamanda alitazama viatu vya watu wengine. Baiskeli ilipokata kona, Shahidi alikuwa bado ameinamia kikombe chake, kilichokuwa kitupu, akikikoroga.