Gari la Mkia Limeshapita

BENDERA: Haloo? Nani mwenzangu?

MAMA SAA: Mimi, Mama Saa, niko mezani huku kwenye mstari wa kumalizia. Bado uko kona ya soko?

BENDERA: Shikamoo mama. Nipo, ila nafungasha. Jua la leo limenikaanga mpaka—

MAMA SAA: Marahaba. Kamba ya kuzuia watu bado umeifunga?

BENDERA: Nimeshaikunja. Gari la mkia, lile la kufunga msafara, likipita, mbio zimekwisha, si ndiyo sheria yenu wenyewe? Watu wamerudi barabarani, soko limefurika—

MAMA SAA: Watoe!

BENDERA: [mkwaruzo] Unasemaje? Mtandao unakata—

MAMA SAA: Watoe watu barabarani! Kuna pikipiki moja bado inakuja.

BENDERA: Nyuma ya gari la mkia? Acha utani, mama.

MAMA SAA: Alipata pancha, akajibanza nyuma ya kituo cha mafuta kuziba. Gari la mkia likampita bila kumwona. Sasa hivi kanipigia: “Mama, nimeziba, naingia barabarani.” Sijajibu, kakata.

BENDERA: Ni mwanao?

MAMA SAA: Kitindamimba wangu. Nampigia, hapokei, kofia iko kichwani. Anadhani barabara bado imefungwa, Bendera. Hatapunguza mwendo hata kidogo.

BENDERA: Mama wee! Na hapa kuna lori linageuza, limeziba njia yote. Oyaa, dereva! Toa hilo! Shikeni watoto!

MAMA SAA: Bendera nyekundu, inua—

BENDERA: Zimekusanywa. Zote zimo kwenye gari la mkia.

MAMA SAA: Basi vuta kamba barabarani!

BENDERA: Kamba? Kwa mwendo ule si itamkata shingo?

MAMA SAA: Usivute. Nakuomba, mwanangu, usivute.

BENDERA: Namsikia, mama. Anakuja. Naogopa.

MAMA SAA: Hata mimi. Fanya lolote.

BENDERA: Nakimbia nimpokee kabla ya kona. Navua shati, nalipunga—

MAMA SAA: Simama pembeni! Unanisikia? Pembeni!

BENDERA: Pembeni vichaka, hatanio— [anahema] Huyo! Simama! Wee, sima—

[Breki. Kishindo. Mkwaruzo mrefu.]

MAMA SAA: Bendera? Haloo? Bendera!

MWANA: Mama?

MAMA SAA: Ni wewe! U mzima?

MWANA: Mzima. Nimechubuka goti tu.

MAMA SAA: Asante Mungu. Asante. Na watu wa sokoni?

MWANA: Sikufika huko. Nimeangukia huku kabla ya kona.

MAMA SAA: Mpe Bendera simu nimshukuru.

MWANA: Mama, subiri kwanza.

MAMA SAA: Nimesema mpe simu, salio linaniishia.

MWANA: Mama, alikuwa katikati ya barabara.

MAMA SAA: Kama mikono inamuuma, mwekee sikioni.

MWANA: Mama...

MAMA SAA: Mwekee tu, mwanangu. Hata kama hajibu, mwekee, niseme na—

[Salio limekwisha.]