Hodi kwa Mizinga

Ijumaa ile ya Aprili, mwaka 1939, benchi la nje ya mgahawa wa Haxhi Rexhep, katika mji mkuu, Tirana, lilijaa mapema. Alfajiri Waitaliano walikuwa wameshuka bandari ya Durrës kwa manowari. Adhuhuri mfalme akashika njia ya Ugiriki, na malkia, na kichanga chao cha siku mbili. Sefer, mshona matandiko ya farasi, alisukuma kahawa yake kando. Jana tu alisimama barabarani na maelfu wakidai bunduki, wakaambiwa warudi nyumbani watulie.

— Mfalme hajakimbia, — alisema Nazmi, aliyeitwa Jenerali kwa kuwa aliwahi kuwapikia maharage askari wa Sultani aliyetawala nchi zamani. — Kaenda milimani kutega mtego. Haraka haraka haina baraka.

— Haraka gani tena, Jenerali? — Sefer akamkata. — Magari yake yamepita hapa mbio, yamekanyaga kuku wawili wa Haxhi!

— Ndiyo mitego ya wakubwa hiyo.

Kolë kinyozi, maarufu kama Gazeti, akakunjua karatasi iliyodondoshwa na ndege za Waitaliano.

— Sikilizeni. Wanasema wanakuja kama marafiki. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sefer akalipiga benchi kofi, vikombe vikaruka.

— Rafiki gani anabisha hodi kwa mizinga? Huyo mgeni kaja mwenyeji azikwe!

— Usinifokee, fundi, mimi nasoma tu. Halafu Waingereza hawatakubali. Jioni hii wako hapa.

— Wako hapa wapi? Wanakuja kunyolewa kwako?

— Hata wasipokuja! — Jenerali akadakia. — Bahari ya Durrës ina kina kifupi. Manowari zote zimenasa matopeni. Ile mnayosikia si mizinga, ni honi! Wanaomba maksai wa kuwavuta!

Gazeti akacheka. Sefer hakucheka.

— Aibu! Watu wanakufa gatini, sisi wanaume wazima tunapigana kwa ulimi!

Ndipo akatokea askari mmoja kutoka barabara ya Durrës, kijana, shati limeganda damu begani, bunduki mkononi. Akawaamkia kwa adabu.

— Tumewazuia tangu alfajiri, wazee wangu. Sasa risasi zimetuishia. Nimetumwa kuomba nyingine. Naenda kwa nani?

Jenerali akatazama viatu vyake. Gazeti akakunja karatasi, akaikunja tena. Sefer akapekua kichwani. Waziri wa vita? Ameondoka na mkewe na mazulia. Ghala? Limefungwa, na mwenye ufunguo hajulikani aliko. Ikulu? Geti liko wazi, ndani hamna mtu.

— Kaa kwanza, mwanangu, — Sefer akampisha benchini. — Unywe hata maji.

— Siwezi kukaa, mzee. Kuna watu wanane wananingoja kwenye daraja la Durrës. Naenda kwa nani?