Fundi Lenzi na Tone la Rangi ya Kucha

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Lenzi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, kitinda mimba wa seremala na mshonaji. Dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyemlea, anasema mdogo wake huyu alianza kufungua redio kabla hajajua kufunga viatu.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1979, akasomea ufundi wa redio. Deki za sidii, yaani CD, zilipoingia, mafundi wengi waliinua mikono. Yeye akazing'ang'ania. Lenzi ya deki ni ndogo kama punje ya mtama. Ikiinama kidogo tu, mwale wa leza unapotea njia na sidii inagoma. Aliinyoosha kwa skrubu, akabana pumzi, kisha akaifunga skrubu kwa tone la rangi ya kucha isicheze tena.

Rangi hiyo aliiomba saluni ya jirani.

"Fundi mzima unaomba rangi ya kucha? Unakwenda kuolewa?" msusi akamtania.

"Nakwenda kufunga skrubu, dada."

"Haya, chukua. Chupa irudi!"

Chupa haikurudi. Alirudi yeye, kuposa. Walifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1991, wakapata binti na mwana.

Mwaka 2006 alimrekodi mkewe akiimba jikoni, kwa deki yake ya kurekodia sidii, iliyowahi kuanguka. Mkewe alifariki mwaka 2010, na hapo ndipo marehemu alipogundua kwamba sidii ile haisomeki popote. Iliandikwa na lenzi iliyoinama; ni lenzi hiyo hiyo tu iliyoweza kuisoma. Basi deki za watu alizinyoosha, yake akaiacha kombo. Akiambiwa anakili wimbo kwenye simu, alijibu, "Kesho." Kesho yake, jamani, haikufika.

Mwaka 2022 mikono ilianza kutetemeka. Mei mwaka huu, kitanda chake kikihamishiwa sebuleni, deki ilidondoka na sauti ya mkewe ikatoweka. Alilia waziwazi. Binti yake, ambaye hakuwahi kushika bisibisi, akapiga magoti.

"Baba, nikiiharibu?"

"Imeshaharibika, mama. Zungusha. Polepole... umepita, rudi."

Walihangaika hadi chai ikapoa. Kisha sebule ikajaa kicheko cha msusi: "Baba Lenzi, umeshawasha? Mbona hujasema!" Ndipo wimbo ukaanza.

"Usiguse tena," akasema marehemu. "Chupa iko kwenye droo."

Ilikuwa ile ile ya saluni. Rangi ilikuwa imeganda. Binti akailainisha, akadondosha tone moja. Siku hiyo hiyo alinakili wimbo.

Marehemu alifariki nyumbani tarehe 9 Agosti, asubuhi, wimbo ukiendelea. Ameacha dada, binti, mwana, mkwe na wajukuu watatu. Deki ipo, na tunawaomba mafundi wenzake: msiinyooshe.

Chupa tumemwekea mfukoni, airudishe kwa mwenyewe. Mikono yake imetulia sasa. Apumzike kwa amani.