Mama Beseni: Shuka Huongea Likilowa

Mkwe wa marehemu, aliyepewa jukumu la kuandika wasifu huu, alimjua marehemu kwa biashara kabla ya kumjua kwa ukoo. Tarehe 6 Mei 1992 aliingia dukani kwake na robota la mashuka mazito, yanayong'aa, akijua fika kwamba uzito ule ulikuwa wanga. Marehemu hakuuliza bei. Alivuta beseni la maji kutoka chini ya meza, akachovya pembe ya shuka, akaminya. Maji yakageuka meupe.

"Baba, unauza shuka au unauza uji?"

Mkwe akaanza kulifunga robota lake.

"Shuka huongea likilowa," marehemu akamwambia. "Ukipata lisilosema uongo, mlango unaujua."

Alirudi baada ya miezi miwili, na mzigo usio na wanga.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika chumba cha nyuma ya karakana ya baba yake, fundi magodoro, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita. Alisoma hadi darasa la saba, akamaliza mwaka 1965. Hesabu hazikumkaa kichwani, ila vidole vyake vilikuwa na macho. Mwalimu wa ushonaji alimfunga kitambaa usoni, akampa vipande kumi na viwili avitambue kwa kuvigusa. Alitaja pamba, kitani na mchanganyiko bila kukosea hata kimoja. Cha kumi na mbili alikipapasa kidogo, akasema, "Hiki kimekatwa kwenye gauni lako la zamani, mwalimu." Na kweli.

Mwaka 1968 aliajiriwa kukata vitambaa kwenye bohari ya nguo, na mwaka 1979 akafungua duka lake la jumla la mashuka, foronya, taulo na vitambaa vya meza, akiuzia hoteli, hospitali na mabweni. Hakununua mzigo kabla ya sampuli yake kufuliwa mara tatu. Wenzake walimcheka kwamba anafua faida. Wateja wao wakahamia kwake mmoja mmoja, kicheko kikaisha chenyewe. Na kila shuka alilouza alilipiga mshono mmoja wa uzi wa buluu kwenye pindo, ili likichakaa kabla ya wakati mwenyewe ajue pa kulirudisha.

Tarehe 11 Agosti 1973 aliolewa na dobi. Huyo alipoleta posa, alikabidhiwa kwanza kitambaa cha meza chenye madoa ya kutu. Kilirudi cheupe, ndoa ikafungwa. Walijaliwa watoto watatu.

Mkwe alimwoa binti wa mwisho mwaka 1996, akidhani sasa beseni litamwacha. Jumatatu baada ya harusi alipeleka mzigo. Marehemu alimkaribisha, akamuuliza habari za binti yake, kisha akainama chini ya meza.

"Mama, hata mimi?"

"Wewe hasa."

Tangu hapo mkwe alitaka jambo moja tu kwa mama huyu: siku moja apokee shuka lake likiwa kavu.

Figo zilipomsumbua, marehemu alilazwa hospitali kuu tarehe 2 Februari 2023. Macho yalikuwa yamekwisha nguvu. Alipapasa shuka la kitanda, akasema, "Hili ni langu. Mwaka wa tisa huu." Muuguzi akageuza pindo: uzi wa buluu. Wauguzi wakaitana waje kuona.

Tarehe 8 Juni mkwe alimpelekea shuka jipya pale hospitalini. Marehemu alilisugua kwa kidole gumba na cha shahada.

"Umelifua?"

"Mara tatu, mama."

"Tandika."

"Nilete beseni?"

"La nini?"

Alifariki juu ya shuka hilo kesho yake, tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na mkwe huyu. Mkwe alipata alichokisubiri miaka ishirini na saba. Amempoteza mtu pekee sokoni ambaye hakuweza kumdanganya. Marehemu naye aliondoka amepata mchuuzi mmoja anayefua kabla ya kuuza. Beseni amelirithi binti wa mwisho, na amekwisha kumwarifu mumewe kwamba mzigo wa Jumatatu utachovywa.

Mama Beseni apumzike kwa amani, kwenye shuka lisilo na wanga.