Mama Kijitabu, Mwandishi wa Mambo Yajayo

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kijitabu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili na wa mwisho wa karani wa posta na mkewe mshonaji. Dada yake, aliyemtangulia kwa miaka sita, ndiye aliyembeba mgongoni na kumfundisha kusoma kwa karatasi za mitindo ya nguo.

Alimaliza sekondari mwaka 1979, akasomea upigaji chapa, na Februari 1982 akaajiriwa ofisi ya ardhi. Huko ndiko jicho lake la kuona mambo kabla hayajafika lilikoanza kumletea taabu. Mwaka 1994 kompyuta ya kwanza ilipoletwa kwa mhasibu, alimwambia mkuu wake, "Bosi, tupelekeni tukajifunze hiyo. Hizi taipureta zetu zinakwenda kuwa vyuma chakavu." Bosi alicheka mpaka akavua miwani. Miaka miwili baadaye wapiga chapa wote tisa walipunguzwa kazi.

Aliolewa tarehe 6 Septemba 1986 na fundi saa, mtu wa maneno machache. Siku moja alimwambia, "Baba watoto, watu wataacha kuvaa saa. Watazitazama kwenye simu."

Fundi akauliza bila kuinua kichwa, "Sasa mimi nile hizi saa?"

"Wewe andaa bisibisi zako. Mimi nitakuandikia."

Ndivyo kilivyotoka kijitabu chake cha kwanza, *Jifunze Kutengeneza Simu*, kurasa ishirini na nne, mwaka 2001. Fundi ameishi kwa kijitabu hicho hadi leo.

Wakati huo marehemu alikuwa na duka la kutoa kopi, na ujuzi wake wote ulitoka kwenye mashine ile. Karatasi za jambo moja zikiletwa mara tatu ndani ya mwezi na watu wasiojuana, aliandika kwenye daftari, akaenda kuwauliza wanaolijua, akatoa kijitabu wengine wakiwa bado wamelala.

Mwaka 2011 ikawa zamu ya uyoga. Hakuna kijitabu chake kilichosomwa kama kile. Dada yake alikisoma, akauza vyerehani vyake vinne, akaziba madirisha ya chumba cha kushonea kwa magunia, akaotesha uyoga. Kwa mwaka mzima mambo yalimwendea vizuri. Lakini Januari 2013 marehemu aliona watu walewale waliokuwa wakiotesha uyoga wakija kutoa kopi za matangazo ya kuuza mbegu za uyoga. Hakungoja. Alimfuata dada yake.

"Dada, toka huko mapema. Wauza mbegu wamekuwa wengi kuliko wala uyoga."

"Ulituita mezani wewe mwenyewe," dada akamjibu. "Umeshiba, sasa unaondoa sahani?"

Aliandika kijitabu kingine, *Uyoga Umejaa Sokoni*. Katika nakala mia tatu, zilitoka kumi na moja. Kufikia Agosti uyoga wa dada ulikuwa ukioza ndooni, hata wa bure hauna mchukuaji. Tangu hapo dada hakumwita tena mdogo wangu. Salamu alizotumiwa hazikujibiwa kwa zaidi ya miaka kumi. Marehemu hakuandika kijitabu kingine. Alimwambia mumewe, "Nikisema njooni, wanachelewa. Nikisema tokeni, wananiita mchawi. Kuona kwangu kumemfaa nani?"

Mei 2023 aligundua uvimbe kwapani. Alikwenda hospitali na daftari lenye tarehe zote za uvimbe huo. Daktari akamwambia, "Mama, hiki ni kitu kidogo. Rudi baada ya miezi sita." Alirudi Juni, akarudi Agosti, jibu likawa lilelile. Walipokubali kumpima, Desemba, saratani ilikuwa imeshafika mapafuni.

Jumatatu tarehe 8 Aprili 2024 dada yake alifika wodini. Marehemu alikuwa hatambui mtu.

"Shemeji, anasikia?" akamuuliza fundi, aliyekuwa kando ya kitanda.

"Wanasema hasikii."

"Basi nimechelewa," akasema. Hata hivyo alivuta kiti, akamshika mkono na kumwita mdogo wangu, mara nyingi, mpaka muuguzi akaja kusema muda wa kuwaona wagonjwa umekwisha. Kesho yake, saa nne asubuhi, Mama Kijitabu alifariki dunia.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanne, na dada mmoja, ambaye ameomba atajwe wa mwisho.

Mungu ampe pumziko, na amani aliyoikosa kwetu.